Kabla Hujaipandisha Familia Majini

  

Wiki mbili zilizopita, baada ya swala ya Isha, kamati ya msikiti wetu hapa Karatu ilikabidhiwa orodha. Kaya kumi na moja, jumla ya watu 47, watoto 19 miongoni mwao, wameweka akiba kidogo kidogo tangu baada ya Idil-Adh-ha ili likizo ya Desemba waende Pwani na wapande chombo cha majini. Wengi wao hawajapata kukanyaga boti maishani mwao. Chini ya majina palikuwa na ombi la mstari mmoja: kamati itutafutie boti nzuri. Tukajiuliza, boti nzuri ndiyo ipi? Swali hilo ndilo lililotufanya tuandike safu ya wiki hii, kwa kuwa tunajua si Karatu peke yake inakoulizwa.

Sisi watu wa huku juu ni wenyeji wa wasafiri kuliko tulivyo wasafiri. Kila asubuhi magari hupita mbele ya nyumba zetu kuelekea lango la Lodoare, na dunia nzima huja kuitazama Ngorongoro. Maji ya vijito vyetu nayo hayana desturi ya kusafiri mbali. Yanayoteremka upande mmoja huishia Ziwa Manyara, na yanayoteremka upande mwingine huishia Ziwa Eyasi, na maziwa yote mawili hayana mto unaotoka kwenda baharini. Mtoto wa Mang'ola anaweza kukua akiliona ziwa kila siku ya Mungu, asijue jinsi chombo kinavyoyumba miguuni. Basi si ajabu kwamba tunapopata nafasi ya kwenda majini, tunauliza bei, tunauliza tarehe, kisha tunapanda.

Muumini mmoja wa msikiti wetu, ambaye kazi yake ni kuongoza watalii, alitusimulia jambo lililotufungua macho. Aliwabeba wazee wawili, mume na mke, kutoka Ufaransa. Njiani kurudi kutoka kreta wakamwambia kuwa walipoanza kusafiri kwa maji hawakuanza na bahari, walianza na mfereji. Huko kwao upo mfereji mkongwe, uliokamilika mwaka 1681, unaotoka mji wa Toulouse kuelekea Bahari ya Kati, na siku hizi mashua za wasafiri hupita humo polepole, zisiruhusiwe kuzidi kilomita 8 kwa saa. Ndugu yetu akawauliza kwa nini walichagua mfereji na ilhali bahari wanayo. Bibi yule akajibu kuwa alikuwa anaogopa maji, na mumewe alikuwa hajui chochote, basi wakataka mahali ambapo maji yametulia, ukingo unaonekana pande zote mbili, na mtu akichoka ashuke atembee.

Tumeyatafakari maneno hayo, tukaona yana hekima ambayo haikuhitaji kutoka Ufaransa. Safari ya kwanza ya majini ni kama darasa la kwanza. Humpeleki mtoto chuoni akaanzie na tafsiri. Unamwanzisha na alifu. Alifu ya maji ni maji yaliyotulia, safari fupi, mchana mweupe, na nchi kavu inayoonekana.

Hata hivyo, nchi kavu kuonekana peke yake hakumwokoi mtu. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka katika Ziwa Victoria, kikitoka Bugolora kwenda kisiwa cha Ukara. Kilikuwa kimekaribia gati, na watu wa nchi kavu walikiona kikipinduka. Kilijengwa kubeba abiria 101. Waliokufa walizidi 220. Ziwa hilo hilo, tarehe 21 Mei 1996, liliimeza MV Bukoba iliyokuwa ikielekea Mwanza, na mamia ya roho zikapotea. Baharini, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba ikiwa imebeba watu wengi kupita kiasi chake. Na tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, upepo ukiwa mkali.

Hatuyataji haya ili kutisha watu. Tunayataja kwa sababu yana jambo linalotuhusu sisi Waislamu moja kwa moja. Itazameni tena kalenda. Spice Islander ilizama yapata siku kumi baada ya Idil-Fitri. Skagit ilizama siku chache kabla ya mwezi wa Ramadhani. Hizo ni nyakati ambazo watu wetu husafiri kwa wingi, kila mtu akitaka kufuturu nyumbani au akirejea kutoka kwa jamaa, na magati hufurika. Anayepanga safari ya matembezi, isiyo na dharura yoyote, hana sababu ya kuipanga katika siku hizo. Tuwaachie nafasi wale ambao hawana budi kusafiri, nasi tusubiri wiki mbili. Hiyo ni tahadhari ya kwanza, na haigharimu hata senti.

Hapa inatupasa tuseme la kwetu, maana si haki kumnasihi msomaji huku tumeficha aibu yetu. Miaka mitatu iliyopita tuliongoza msafara wa wanafunzi wa madrasa na wazazi wao kwenda Pwani. Sisi ndio tuliokuwa na orodha na fedha mkononi. Siku ya pili tukakodi boti ufukweni, tukaichagua kwa sababu bei yake ilikuwa nafuu kuliko zote. Tulikuwa watu 31. Jaketi okozi zilikuwa 12. Mwenye boti akatuambia kuwa maji ya pale ni kama ya bakuli. Tukawavisha watoto wadogo, wakubwa wakakaa hivyo hivyo. Wakati wa kurudi upepo ukanyanyuka, maji yakaanza kuingia kwa ubavuni, kisha injini ikazimika kwa muda wa robo saa. Dua tuliisoma kwa sauti kubwa, na watoto wakaitikia. Lakini lile swali ambalo lilipasa kuulizwa ufukweni hatukuwa tumeliuliza.

Allah alitunusuru, tukarudi wote salama. Hakuna aliyelalamika, na wengine walifika wakisimulia kama hadithi ya ushujaa. Ila mama mmoja wa Rhotia, ambaye mwanawe wa miaka kumi na mitatu hakupata jaketi, hajawaruhusu watoto wake kusafiri nasi tangu siku hiyo. Hakutusema msikitini wala barabarani. Alinyamaza tu, na kimya chake kimetufundisha zaidi ya lawama.

Tulijiuliza baadaye: ilikuwaje? Miongoni mwetu siku ile walikuwamo madereva watatu wa watalii. Madereva hawa hawamshushi mgeni kreta kabla ya kukagua breki na magurudumu. Wanajua kuwa barabara ya Seneto ni ya kushukia na ya Lerai ni ya kupandia, na hawapakii abiria zaidi ya viti. Mgeni akiwaambia wapakie wawili zaidi, wanakataa, hata akiongeza fedha. Watu hao hao walifika ufukweni wakapanda chombo bila kuuliza lolote, kwa kuwa walikuwa wageni na waliona haya. Ugeni huwafanya watu wazima kuwa kama watoto. Kwa hiyo tunamwambia baba au mama anayesoma safu hii: elimu ya kukagua unayo tayari. Ukifika gatini usiiache garini.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Kwa familia inayotoka mikoa yetu ya kaskazini, tunaona zipo njia nne.

Ya kwanza ni pantoni ya Kigamboni, Dar es Salaam. Ni safari ya dakika chache, nauli yake ni ndogo, na ng'ambo inaonekana kabla hujaondoka. Kwa mwenye jamaa Dar es Salaam, hili ni jaribio zuri. Mpandishe mzee wako au mtoto mwenye woga, vukeni, mnywe madafu, mrudi. Utajua nani analewa bahari na nani hajali. Tahadhari yake ni msongamano. Nendeni katikati ya asubuhi, msiende saa ambazo wafanyakazi wanakwenda au wanarudi makazini.

Ya pili ni mto, na hapa ndipo moyo wetu ulipoegemea. Mto Pangani hukusanya maji ya mteremko wa Meru na ya Kilimanjaro, yakutane katika bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha uteremke hadi baharini katika mji wa Pangani. Karibu na mdomo wake mto ni mpana na mtulivu, una mikoko na minazi kandokando, na mashua hupanda polepole kufuata mkondo wa ndani. Kwa mwenye udadisi kuna mengi ya kuuliza. Pangani ulikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka bara, na katika karne ya 19 bonde lake lilikuwa na mashamba ya miwa na viwanda vya sukari. Ni hapo pia ambapo Abushiri bin Salim, aliyewapinga Wajerumani, alinyongwa mwezi Desemba 1889. Misikiti ipo karibu, chakula cha halali si cha kutafuta, na wanawake wetu watajikuta miongoni mwa wenzao wenye mabuibui. Kwetu sisi huu ndio mfereji wa wale wazee wa Ufaransa. Maji yametulia, na kingo zinaonekana kulia na kushoto.

Tahadhari zake ni tatu. Mto una mamba, basi mtoto asining'inize mkono majini. Mvua ikinyesha sana huko juu, mto hubadilika rangi na nguvu, basi wenyeji waulizwe siku hiyo hiyo. Na tatu, usishawishike kuunganisha safari ya mto na safari ya Maziwe, kile kisiwa cha mchanga kilichoko nje baharini. Maziwe ni pazuri, ila njia yake ni kupita mdomo wa mto na kutoka bahari kuu. Hilo ni somo la pili, lisichanganywe na la kwanza.

Ya tatu ni boti ya mwendokasi ya Dar es Salaam na Unguja, ambayo huchukua yapata saa mbili. Hizi ni vyombo vikubwa, tiketi huandikwa jina, na viti ni vya kuhesabika. Wengi katika orodha yetu walitaka hii, nasi hatuipingi. Tunasema tu kwamba ni bahari, na bahari ina misimu yake. Kusi huvuma kwa nguvu zaidi kati ya Juni na Agosti, na kaskazi hushika mwanzoni mwa mwaka. Baina ya pepo hizo mbili kuna vipindi ambavyo maji hutulia, navyo ndivyo vya kumpeleka mgeni wa bahari. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa upepo na mawimbi; usikilizwe kama tunavyosikiliza habari za mwandamo wa mwezi.

Ya nne ni Ziwa Victoria, Mwanza hadi Bukoba, kwa meli ya MV New Victoria Hapa Kazi Tu, iliyorejea majini mwaka 2020 baada ya ukarabati mkubwa na ambayo hubeba abiria 1,200. Ni safari ya heshima kwa aliyekwisha kuzoea. Lakini ni ya usiku. Mgeni mwenye hamu ya kuona ataona giza, na mtoto akiamka akiwa na hofu hana ukingo wa kuoneshwa. Iachwe kwa mwaka mwingine.

Wapo walioshauri boti za kwenye hifadhi, kama Mto Wami kule Saadani au Mto Rufiji katika Hifadhi ya Nyerere. Ni nzuri, lakini mtoto wa Karatu hana haja ya kusafiri siku mbili kwenda kuangalia kiboko.

Ukishachagua njia, bado hujachagua chombo. Maswali ya kumuuliza mwenye chombo hayazidi matano, na yote yaulizwe kabla fedha haijatoka mfukoni. Je, chombo kimesajiliwa na kukaguliwa, na cheti kiko wapi? Kwa Tanzania Bara msimamizi wa jambo hili ni TASAC, na mwenye chombo halali haoni tabu kukuonesha karatasi. Je, kinaruhusiwa kubeba watu wangapi? Je, jaketi okozi ni ngapi, na zipo za watoto? Jaketi la mtu mzima humvuka mtoto kichwani akiingia majini, kwa hiyo zihesabiwe kwa saizi na kila moja ijaribiwe nchi kavu. Je, injini ikizimika tutafanya nini? Nahodha mzuri ana jibu tayari: injini ya akiba, makasia, nanga, simu na mtu wa kumpigia. Asiye na jibu atacheka tu. Na swali la mwisho: hali ya hewa ikibadilika, fedha zetu zitarudi au tutapewa siku nyingine?

Swali hilo la mwisho linaonekana dogo, lakini ndilo linalookoa watu. Mtu aliyekwisha kulipa na asiyeweza kurudishiwa hulazimika kuyaona mawimbi kuwa madogo. Makubaliano ya kurudishiwa yakiwa yameandikwa, macho yake yatayaona mawimbi kama yalivyo.

Wapo watakaosema kuwa maswali haya ni upungufu wa tawakkul, kwani ajali iko mikononi mwa Allah. Tunajibu kwa adabu kwamba Mtume (s.a.w.) alipoulizwa na mtu kuhusu ngamia wake, kama amfunge au amwache na kutegemea, alimwelekeza amfunge kwanza. Na imepokewa kutoka kwake onyo kali kwa anayepanda bahari wakati imechafuka akaangamia, kwamba amejitoa mwenyewe katika dhamana. Katika Suratul-Kahf, ambayo wengi wetu huisoma kila Ijumaa, mna habari ya jahazi la maskini lililotobolewa na yule mja mwema ili lisiporwe na mfalme dhalimu. Tuone basi kwamba kuna nyakati ambapo chombo kubaki bandarini ndiyo rehema yenyewe.

Wala asidhani mtu kuwa bahari si ya wanawake. Ummu Haram bint Milhan (r.a.) alimwomba Mtume (s.a.w.) amwombee awe miongoni mwa wa umma huu watakaopanda bahari, naye akafika Cyprus pamoja na mumewe. Mama zetu wa Karatu wana mfano wa kutosha. Kinachotakiwa ni maandalizi: nguo zisizopeperuka hovyo, viatu visivyoteleza, mahali pao pa kukaa pawekwe kabla ya kupanda, na waume au maharimu wawe nao.

Kuhusu ibada, mambo ni mepesi. Safari ya kutoka Karatu hadi Pwani inavuka kwa mbali masafa ya kupunguza swala, kwa hiyo rukhsa ipo kwa sharti zake, nayo ni sadaka itokayo kwa Allah, haifai kuikataa. Kwa safari ya mto ya alasiri, tunashauri Adhuhuri na Alasiri zisaliwe pamoja nchi kavu wakati wa Adhuhuri, kisha watu wapande, warudi kabla ya Magharibi. Hapo hakuna atakayehangaika kusimama chomboni. Ikilazimu kusali chomboni, asimame anayeweza, na anayeogopa kuanguka akae. Kibla cha Pwani yetu ni kaskazini, karibu kabisa, na boti inayotoka Dar es Salaam kwenda Unguja huelekeza kichwa chake takriban huko huko. Wakati wa kurudi ndipo mtu ageuke. Watoto nao wameuliza kama maji ya chumvi yanafaa kwa udhu. Yanafaa. Swahaba mmoja aliuliza swali hilo hilo, na Mtume (s.a.w.) akamjibu kuwa maji ya bahari ni tohara.

Kulewa bahari kusimwaibishe mtu. Ni ulevi pekee usio na dhambi. Anayeuhofia asipande na njaa wala na shibe, akae katikati ya chombo ambako kuyumba ni kidogo, aangalie mbali kwenye upeo wa macho, na asiiname kwenye simu. Tangawizi huwasaidia wengi. Anayetaka dawa amwone mfamasia kabla ya siku ya safari, hasa kwa watoto, wajawazito na wenye maradhi ya kudumu.

Limebaki moja, na ndilo tulilolikosa miaka mitatu iliyopita. Mtume (s.a.w.) ameagiza kuwa wasafiri wakiwa watatu wamteue mmoja wao kuwa amiri. Sisi tulikuwa na amiri, lakini alikuwa amiri wa kuhesabu fedha na kugawa soda. Amiri wa safari ya majini ana kazi moja iliyo juu ya zote, nayo ni kusema hapana. Aseme hapana watu wakiwa wamekwisha kuvaa, watoto wakilia, mwenye boti akiapa, na wazee wakimwambia asiharibu siku ya watu. Kazi hiyo hawezi mtu ambaye hakupewa idhini mapema. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Kwa hiyo kabla ya kuondoka nyumbani, familia ikae, imtaje mtu mmoja, na wote waahidi mbele yake kuwa akisema hatupandi, hatupandi, na hakuna atakayemnunia jioni.

Kamati yetu imekata shauri. In shaa Allah, tutakwenda Pangani katikati ya Desemba. Tutapanda kwa makundi, kila kundi pungufu ya idadi inayoruhusiwa, na hakuna atakayepanda bila jaketi, awe mtoto au imamu. Wanaotaka Unguja tutawasindikiza mwaka ujao, wakiwa wamekwisha kujua alifu.

Kabla ya kufunga orodha tulikwenda Rhotia kwa yule mama. Tulimkuta akipepeta maharage uani. Tukamwambia kuwa siku ile tulikosea, na kwamba kosa lilikuwa letu, halikuwa la upepo. Akatusikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza jambo moja tu: "Safari hii, nani atasema hapana?" Tukamtajia jina la mzee tuliyemteua, dereva mstaafu ambaye hakuna mtu katika mji huu aliyewahi kumshawishi kuzidisha abiria. Mama akakaa kimya kidogo, akasema watoto wake watakuja mpaka Pangani, naye atakuja nao, wasimame ukingoni waitazame boti kwanza.

Orodha sasa ina watu 51. Mbele ya majina manne ya mwisho tumeandika kwa kalamu: watakata shauri gatini. Na tunadhani, wallahu a'lam, kwamba maneno hayo yalipaswa kuandikwa mbele ya majina yote.

Wabillahi tawfiq.